Kizuizi Ambacho Hakikuwepo

Alikuwepo mtu na pikipiki yake, na ilikuwepo nchi na barabara zake, na kama kila kimoja kingeachwa kifanye kazi yake, kisa hiki kisingepata pa kuanzia. Lakini nchi yenyewe ni Utulivuni, na msomaji aliyewahi kufika huko, au mahali panapofanana nako kidogo, anajua kwamba huko vitu haviachwi.

Mtu huyo aliitwa Chambuso, na kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya serikali kwenye kuta. Ukuta wowote wa mahakama, wa soko au wa choo cha stendi ulioandikwa AMANI NDIYO BARABARA YETU kwa herufi za bluu zenye kivuli cha njano, huo ulikuwa mkono wake. Na alikuwa na mkono kweli. Herufi R zake zilitanguliza mguu kama askari wa gwaride. Mkuu wa Wilaya mmoja aliwahi kusimama mbele ya R ya Chambuso akatokwa na machozi, ingawa wenye wivu wanasema ilikuwa harufu ya rangi.

Jumanne hiyo tunayoizungumzia, Utulivuni ilikuwa shwari. Redio ya Taifa ilisema hivyo alfajiri, ikarudia watu walipokuwa wanakunywa chai, na ikaendelea kurudia kwa sauti iliyozidi kupanda. Lililokuwa limetokea ni dogo tu. Serikali, kwa kuwahurumia wapigakura wanaopanga foleni juani, ilitangaza matokeo ya uchaguzi wiki moja kabla ya uchaguzi, ili kila mwananchi aende kituoni akiwa anamjua aliyemchagua. Wananchi, badala ya kushukuru, wakakata miti wakailaza barabarani. Serikali nayo, ili kuwazuia wananchi wasizibe barabara, ikawahi kuziziba yenyewe. Basi pale ambapo wananchi hawakuweka magogo, jeshi liliweka mapipa, na usawa ukapatikana nchi nzima.

Chambuso asingejali sana. Aliamini redio kama watu wengine wanavyoamini saa ya ukutani, na siasa kwake ilikuwa ni swali la nafasi kati ya neno na neno. Tatizo ni kwamba mkewe, Siwema, alikuwa amelazwa hospitali ya Mbugachini na mimba yao ya kwanza, na kabla hapajapambazuka vizuri Daktari Mbiku alimwita Chambuso ukumbini. Daktari huyo alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho mekundu ya kukesha.

"Mtoto amekaa vibaya," alisema. "Lazima nimpasue mama, na siwezi kumpasua bila damu. Kundi lake ni adimu. Hapa sina hata chupa moja."

"Si kuna akiba ya damu, daktari?"

"Ilikuwepo. Friji limechukuliwa kwenda kupoza soda za ziara ya Waziri. Halijarudi. Ana ndugu mwenye kundi lake?"

"Mama yake. Alishawahi kumtolea damu mdogo wake Siwema, na wote watatu ni kundi moja."

"Yuko wapi?"

"Mtomoni."

"Mlete. Nitamshikilia Siwema mpaka alasiri. Baada ya hapo siahidi kitu."

Mtomoni si mbali. Kwa pikipiki mtu hutoka, hufika, na koo bado halijakauka. Kwenda, Chambuso alipita bila shida, kwa kuwa wapinzani wa serikali na walinzi wa serikali walikuwa wote bado wamelala, kila mmoja upande wake wa gogo. Alifikiri, kama redio ilivyomfundisha kufikiri, kwamba watu wanakuza mambo.

Kwa watu wa Mtomoni, mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe wake. Hali naye, hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja hujiweka pembeni akaanza kuchunguza miti. Tangu amuoe Siwema, Chambuso alikuwa amemwona Mama Siwema zaidi kwa nyuma. Sasa alisimama uani kwake, akilitazama tairi la mbele la pikipiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe." Sauti ilitoka nyuma ya mlango. "Mwanangu yu hai?"

"Yu hai, mama. Daktari anataka damu yako."

"Kama ni damu yangu ni yake. Mabasi?"

"Hakuna basi linalotembea leo, mama. Ni hii tu."

Majirani walikuwa wameshajaa kwenye ua wa michongoma, kwa sababu jambo kama hilo halikuwahi kuonekana Mtomoni. Mama Siwema akatoka na kitenge kipya, kilemba, na mto wa kulalia kifuani. Akampanda yule mnyama wa chuma kwa ubavu, akaupachika mto katikati yake na mgongo wa mkwewe, akashika chuma cha nyuma kwa mikono miwili.

"Sasa kuna ukuta," aliwatangazia majirani. "Msije mkasema."

Wakaondoka.

Kwenye daraja la Mkoromo walikuta mapipa, magogo, na lori lililoungua likiwa limelala ubavu. Askari walikuwa wamekaa mbele yake kwenye viti vya plastiki vya kukodisha harusini. Mkubwa wao, Koplo Mpangule, alinyanyuka taratibu, kwa uso wa mtu aliyekatizwa maongezi matamu.

"Wapi?"

"Mbugachini, afande. Mke wangu yuko hospitali. Tunaomba kupita kwenye kizuizi."

"Kwenye nini?"

"Kizuizi, afande."

Koplo akawageukia wenzake. "Jamani, kuna mtu kaona kizuizi hapa?"

Hakuna aliyekiona. Mmoja wao alikuwa amekiegemea, na alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Nchi hii haina vizuizi," Koplo akaeleza, kwa upole wa mwalimu wa watoto wadogo. "Mheshimiwa Rais kasema mwenyewe asubuhi. Anayesema vipo anaeneza uvumi, na uvumi una sheria yake na sheria ina gereza lake. Sasa nakuuliza kama raia mwema. Unaona kizuizi?"

"Sioni, afande."

"Safi sana. Pita."

Chambuso akayatazama magogo. "Nitapitaje, afande? Njia imezibwa."

"Imezibwa na nini?"

Chambuso akanyoosha kidole kuelekea pipa, akakirudisha. "Labda... kama ungenipa kibali, afande."

"Kibali cha kupita wapi? Nikikuandikia kibali cha kupita kwenye kitu kisichokuwepo, si nitafukuzwa kazi?"

Waliendelea hivyo kwa muda. Chambuso alijaribu kusema mapipa, akaambiwa mapipa ni mali ya jeshi na mali ya jeshi haiongelewi. Alijaribu kusema magogo, akaulizwa kama ni mtaalamu wa misitu. Jua likazidi kupanda. Jasho la ndani ya kofia ya chuma lilimtiririka hadi kwenye meno. Ndipo askari mmoja, kwa kukosa la kufanya, akapekua mfuko uliofungwa ubavuni mwa pikipiki, akatoa makopo ya rangi na brashi.

"Kumbe fundi!" Koplo alifurahi kwelikweli. "Makao makuu wanatusumbua kila siku tuweke bango, na hatuna mwenye mwandiko. Utuandikie haraka, halafu tutazungumza mambo yako."

Wakamletea ubao. Wakamtajia maneno. Chambuso akapiga magoti kwenye lami ya moto, akaandika HAPA HAKUNA KIZUIZI. Alitaka kulipua kazi tu, Mungu anajua, lakini mkono haukukubali. Ulipima nafasi, ukainyoosha mistari, ukamgeuka mwenyewe. Alipofika mwisho Koplo akasogea.

"Kivuli je?"

"Afande, mke wangu..."

"Yale ya mahakamani yana kivuli. Sisi tumekosa nini?"

Akaweka kivuli. Askari wakapiga makofi, wakaubeba ubao, wakautafutia mahali pa kuonekana. Palikuwa na upenyo mmoja tu kati ya lori na ukingo wa daraja, upenyo ambao pikipiki ingeweza kujibana ikapita. Wakausimamisha humo humo. Ulienea vizuri sana.

Chambuso aliusoma ubao wake, kisha akautazama upenyo uliokuwa umezibwa nao.

Mama Siwema akashuka. Hakumtazama mkwewe. Aliwatazama askari, mmoja baada ya mwingine, kama anayehesabu kuku jioni.

"Wanangu, hapo hakuna kitu, si ndiyo?"

"Hakuna, mama," Koplo akajibu.

"Na nyie mmekaa tangu asubuhi, migongo imekufa ganzi. Basi inyanyueni hii pikipiki mjinyooshe, muiweke pale mbele. Mtakuwa hamjamvusha mtu kitu chochote."

Koplo Mpangule alifikiri. Aliizungusha hoja kichwani, akaikagua juu na chini, akitafuta kosa lilipojificha. Hakuliona. Askari wakaibeba pikipiki juu ya magogo, wakihema na kucheka, na Mama Siwema akapanda magogo kwa miguu yake mwenyewe huku Chambuso akiyatazama maji chini ya daraja, asione miguu ya mama mkwe. Kitu pekee walichonyang'anywa ni ule mto wa kulalia, uliozuiwa kwa ajili ya uchunguzi. Kabla injini haijawaka, Koplo alikuwa ameshaukalia.

Barabara iliyofuata ilikuwa ya mashimo. Kwenye shimo la kwanza Mama Siwema alishika koti la mkwewe kwa vidole viwili. La pili, kwa kiganja. La tatu lilikuwa kama kaburi, na walipotoka upande wa pili alikuwa amemkumbatia kiunoni kwa nguvu za mtu anayezama.

"Mizimu ya kwetu itanisamehe," alisema kwenye sikio lake.

"Na mimi, mama."

"Wewe endesha."

Wakaendesha mpaka njiapanda ya Magunia, ambako wananchi walikuwa wamechukua madaraka. Hapakuwa na askari hapo, wala uongo. Kulikuwa na tairi zinazoungua, kamba iliyokingama barabara, na watu wengi waliovaa vitambaa vyekundu kichwani. Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Ukombozi wa Barabara, Komredi Zabroni, alikuja na kipaza sauti akasimama hatua moja kutoka kwao, akazungumza kupitia hicho hicho kipaza sauti.

"Ndugu yetu! Tunapigania haki ya kila mtu kwenda anakotaka!"

"Asante sana," alisema Chambuso, moyo ukimfunguka. "Mimi nataka kwenda Mbugachini."

"Ndiyo maana huwezi kupita! Ukipita wewe peke yako, wenzako watakuwa hawajapita. Huo ni ubinafsi, na ubinafsi ndio uliotufikisha hapa. Tutapita wote pamoja, siku ya ushindi."

"Siku hiyo ni lini?"

"Kamati ndogo ya tarehe haijakutana bado. Wajumbe wake wamekwama njiani."

Chambuso akaeleza habari za mkewe. Alieleza vizuri, bila kuruka kitu, na watu wakasikitika. Mmoja akapendekeza lipigiwe kura, kwa kuwa hapo ndipo demokrasia ya kweli ilipokuwa. Ikapigwa. Wengi wakakubali apite, lakini mzee mmoja aliyekuwa na usingizi akakataa, na kwa kuwa Kamati ilikuwa imeapa kufanya kila kitu kwa kauli moja, ikabidi aelimishwe. Akaelimishwa. Akakubali. Wakati huo kijana mmoja mwenye miwani akawa amebadili mawazo. Ikarudiwa.

Katikati ya kura ya pili, mtu akainua mojawapo ya brashi kutoka kwenye mfuko wa pikipiki, akaitazama mikono ya Chambuso.

"Hii mikono yenye bluu," alisema polepole, "si ndiyo iliyoandika kwenye ukuta wa soko? Nazijua R zake. Huyu ndiye Amani Ndiyo Barabara Yetu!"

Umati ukanguruma. Zabroni akainua mkono, akauliza kama ni kweli, na Chambuso, ambaye hakuwahi kukana kazi yake, akasema ni kweli. Palikuwa na waliotaka pikipiki iungane na tairi zinazoungua. Mwenyekiti, mtu wa huruma, akatoa hukumu nyepesi. Mkono uliowatumikia wakandamizaji utakaswe kwa kuwatumikia wananchi. Chambuso aandike juu ya lami, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, BARABARA NI MALI YA WANANCHI.

Akapiga magoti mara ya pili siku hiyo. Safari hii alijaribu kuharakisha mpaka jasho likadondokea kwenye herufi, lakini R zilikataa kuharakishwa. Alipomaliza akasimama, magoti yanavuja damu.

"Sasa nipite?"

"Utapitaje?" Zabroni alishangaa. "Rangi mbichi. Utawachafua wananchi."

Simu ya Chambuso ikalia. Ilikuwa sauti ya Daktari Mbiku, na nyuma yake kulikuwa na mtu anayelia ambaye Chambuso alimjua.

"Uko wapi?"

"Magunia, daktari. Nipo na mama."

"Mapigo ya mtoto yanashuka. Unanielewa? Njoo kwa vyovyote."

Akamweleza Zabroni, na Zabroni aliguswa. Tusimsingizie, aliguswa mpaka mdomo ukatetemeka. Alivua kofia, akatangaza dakika ya ukimya kwa ajili ya wanawake wote wanaoteseka kwenye hospitali za dikteta, kisha akatoa hotuba ndefu kuhusu dakika hiyo. Aliposema neno "wananchi", yule kijana wa miwani akanyoosha mkono kwamba neno hilo ni la kikoloni, wangeandika "umma". Mwingine akasema "umma" ni la wasaliti. Kamba ikaachwa. Waliokuwa wameishika walihitaji mikono yote kwa ajili ya mjadala.

"Mkwe," Mama Siwema akasema, "washa."

"Rangi haijakauka, mama."

"Washa!"

Chambuso aliwasha. Hakuwahi kuharibu herufi maishani mwake. Aliwahi kurudi mwendo mrefu kwenda kurekebisha nukta. Sasa aliipitisha pikipiki katikati ya WANANCHI, tairi likainyanyua bluu likaitupa kila upande, na alipotazama kwenye kioo cha pembeni aliona alama yake inavyoikata ile kazi nzuri vipande viwili. Nyuma yao watu walipiga kelele, lakini walikuwa wakipigiana wenyewe. Akajikuta anapiga kelele na yeye, bila neno lolote, ndani ya kofia, mpaka kifua kikamuuma.

Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea walipokata kona ya mwisho na kukuta ajabu. Barabara ilikuwa nyeupe, imefagiwa, na kingo zake zimepakwa chokaa mbichi. Mbele yao magari meusi yalikuwa yamepangwa, na kamera, na mtu mnene mwenye suti ya kijani chini ya mwavuli ulioshikwa na mtu mwingine. Huyu alikuwa Mheshimiwa Profesa Mhandisi Kilembwe, Waziri wa Barabara na Furaha ya Wasafiri, aliyeshuka kwa helikopta kuja kuonyesha taifa kwamba barabara zinapitika. Walichokuwa wamekosa ni mpitaji.

"Huyo hapo!" alisema mtu wa kamera. "Mwananchi wa kawaida kabisa. Msimamisheni."

Walinzi wenye bunduki wakawasimamisha.

"Mheshimiwa," Chambuso alianza, "hospitali ni pale tu, mke wangu..."

"Dakika moja tu, ndugu yangu," Waziri akamwambia kwa mapenzi. "Wewe pita unavyopita siku zote. Kwa raha zako."

Akapita. Wakamrudisha, kwa kuwa kofia ilificha tabasamu. Akavua kofia, akapita. Wakamrudisha, kwa kuwa mama aliyekaa nyuma alikuwa amenuna. Mama Siwema akaambiwa apunge mkono. Akapunga. Wakarudishwa, kwa sababu kwa mbali moshi wa Magunia ulionekana kwenye picha. Basi, ili moshi usionekane na jua likae vizuri, wakaombwa wapite kwa upande wa pili, wakielekea walikotoka.

Hebu fikiria, msomaji. Mtu anayeona paa la hospitali kwa macho yake, anaipa hospitali mgongo, anaendesha huku anatabasamu.

Alipogeuza mara ya mwisho, Waziri alimkumbatia begani, na kinasa sauti cha Redio ya Taifa kikasogezwa. Kilikuwa kinarusha moja kwa moja nchi nzima.

"Ndugu wananchi," alinguruma Waziri, "wanaosema barabara zimefungwa ni wale ambao hawajasafiri. Barabara ni kama moyo wa mama, haifungwi. Mimi mwenyewe nimefika hapa bila kukutana na gogo hata moja. Na huyu hapa, ambaye hatukumwandaa wala hatumjui, ametoka Mtomoni. Ndugu, liambie taifa. Hali ya njia ikoje?"

Chambuso alikuwa nayo yote mdomoni: daraja, ubao, rangi, kura, mapigo yanayoshuka. Yalimsukuma meno. Akainua macho, akaona mlinzi amesimama nyuma ya Mama Siwema, kidole kimepumzika mahali pabaya. Akaona kivuli chake mwenyewe kilivyorefuka kwenye lami.

"Njia ni nyeupe," alisema. "Hakuna shida yoyote."

Yalimtoka safi, yamenyooka, kama aliyewahi kuyaandika. Na kwa kweli alikuwa ameyaandika, kwenye kila ukuta wa wilaya, kwa namna moja au nyingine.

Walipoachiwa, Mama Siwema alirudi kushika chuma cha nyuma.

"Mama, ningesema nini?"

"Endesha, mkwe."

Daktari Mbiku alikuwa mlangoni. Hakuwapa salamu wala lawama. Alimshika Mama Siwema mkono, akaenda naye mbio, na milango ikajifunga. Chambuso akabaki amekaa kwenye ngazi. Alijaribu kusali, lakini kila alipofumba macho aliona herufi. Mfagiaji alimletea maji, akayashika tu. Baada ya muda, ambao kwake haukuwa na kipimo, alisikia kilio chembamba chenye hasira nyingi, kisha akaja daktari, aproni imelowa.

"Msichana. Mama yake yu hai. Ungechelewa kidogo tu, nisingesema yote mawili."

Siwema alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka, mtoto amefungwa kwenye khanga kando yake. Mama Siwema alikuwa kwenye kiti, pamba imefungwa mkononi. Chambuso akasogea, akainama.

"Nilikusikia," Siwema alisema.

"Lini?"

"Nesi ana redio. Nilikusikia ukisema njia nyeupe, hakuna shida yoyote." Alivuta pumzi. "Nikajiuliza, sasa mbona hafiki? Nikadhani umeogopa, umekimbia. Nimeingizwa chumba cha upasuaji kabla hamjafika, nikiwa najua hivyo."

Chambuso alitafuta neno. Mtu ambaye maneno yake yalikuwa kwenye kila ukuta hakupata hata moja la kumpa mkewe. Alisimama tu, mikono yake ya bluu ikining'inia.

"Nilikuwepo, mwanangu," alisema Mama Siwema kutoka kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza alimtazama mkwewe usoni. "Bunduki ilikuwa mgongoni kwangu. Aliogopa kweli. Lakini hakukimbia."

Siwema akafumba macho. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe.

Jua lilipokuwa linazama, karani wa vizazi, Bwana Nzowa, aliingia wodini na kalamu sikioni na uso wa mtu aliyebeba habari asiyoitaka.

"Hongereni sana. Mtoto mzuri. Ila kuna jambo dogo." Akakohoa. "Taarifa imesomwa sasa hivi. Kwa kuwa leo hakuna lililotokea popote nchini, na kwa kuwa siku ambayo hakuna lililotokea ni hasara kwa taifa, Mheshimiwa Rais ameifuta. Jumanne ya wiki hii haipo. Wananchi wanaombwa waendelee na Jumatano."

"Haipo vipi?" Chambuso aliuliza.

"Haipo. Kwa hiyo, mtoto huyu..." Karani alimtazama mtoto kwa huruma. "Hajazaliwa."

Hapo ndipo Chambuso alipopasuka. Askari hawakumpasua, wala wapinzani, wala Waziri. Alipasuliwa na karani mpole mwenye kalamu sikioni.

"Huyu hapa!" alipiga kelele mpaka vitanda vya jirani vikanyamaza. "Mguse! Ana kucha! Nimevuka nchi nzima isiyo na kizuizi hata kimoja, imenichukua siku nzima ambayo haipo, na mke wangu amepasuliwa tumbo, nalo hilo halikutokea? Mshono ule pale! Nendeni mkaufute na mshono!"

"Namwona, ndugu yangu," Nzowa alisema, karibu kulia. "Mimi mwenyewe leo nimetimiza miaka hamsini, na sijatimiza. Ninachoweza ni kumwandika amezaliwa kesho. Nipeni tu jina."

Chambuso alikuwa anahema, ngumi zimekunjwa, na hapakuwa na mtu wa kumpiga. Kisha sauti ndogo ikatoka kitandani.

"Mwite Leo," Siwema alisema.

Karani akakuna kichwa. Alitafuta katazo, hakulikumbuka. Akaandika, akapuliza wino ukauke.

"Isome," Mama Siwema aliomba. "Mimi sina miwani."

Bwana Nzowa akainua karatasi, akasoma kwa sauti ya kazi, bila kufikiri.

"Leo amezaliwa kesho."

Siwema akacheka. Hakukusudia. Kicheko kilimtoka, mshono ukambana, akalalama kwa maumivu, akashindwa kujizuia, akacheka tena huku machozi yakimwagika, akiwa ameshika tumbo kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akipapasa hewani mpaka akavipata vidole vya mumewe, akavibana.